Kitanda Namba Kumi na Moja

Nilikuwa nimeshuka stoo kuchukua betri.

Ni kazi ndogo tu, naifanya karibu kila siku. Vile visanduku vya kupima moyo wanavyovaa wagonjwa wetu shingoni vinamaliza betri haraka sana, na mimi ndiye ninayezibadilisha. Ilikuwa saa nane mchana, tarehe tisa Desemba. Kwetu huku kaskazini mwa Norwei jua la Desemba halichomozi kabisa. Kunakuja mwanga wa buluu kwa saa chache, mwanga usio na joto, halafu nao unazimika. Nilipopita kwenye dirisha la ngazi ulikuwa unazimika. Taa za bandarini zilikuwa zimeshawaka, na theluji ilianguka kimya kimya juu ya magari.

Nilipanda ngazi taratibu na boksi langu. Sikuwa na haraka.

Kazi yangu ni kutazama mioyo. Mimi si daktari wala si nesi. Nakaa kwenye chumba kidogo mbele ya skrini kubwa yenye vidirisha kumi na viwili, na katika kila kidirisha unapita mstari wa kijani. Kila mstari ni mtu. Mstari ukienda vibaya nabonyeza kitufe, manesi wanakimbia. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti kile.

"Wote wako hai, dada Solfrid," alisema Kjell-Ivar, nesi aliyekuwa amenishikia nafasi. "Wanane uliniachia, wanane nakurudishia. Yule mzee Hilbert amesema kahawa yangu inaweza kumfufua maiti, halafu ikamwua tena."

"Hajakosea. Toka kwenye kiti changu."

Akacheka, akaenda zake. Nikakaa. Nikaanza kupanga betri kwenye droo.

Ndipo nikasikia harufu.

Maganda ya machungwa. Yale madogo matamu yanayojaa madukani kwetu kila Desemba, ambayo ukimenya moja, vidole vinanukia hadi jioni. Nikachungulia kwenye ndoo ya taka. Tupu. Nikainua macho kwenye skrini.

Kidirisha cha kumi na moja kilikuwa kimewaka.

Kitanda namba kumi na moja hakikuwa na mtu. Nilikuwa nakiona kutoka pale nilipokaa, ng'ambo ya korido, mlango wazi, shuka limenyooshwa, mto haujaguswa. Lakini kwenye skrini mstari ulikuwa unapita.

Pigo. Pigo. Pigo dogo la haraka... kimya... halafu pigo tena.

Nikaiweka chini betri niliyokuwa nimeishika.

Watu wanadhani mioyo yote inapiga sawa. Sivyo. Ukiitazama kwa miaka mingi unaijua kama unavyoujua mwandiko wa mtu. Na huo niliujua kuliko yote. Ulikuwa na pigo moja dogo linalojikwaa, kisha kimya kifupi, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kuwa amesahau kitu ndani. Kisha unaendelea na safari.

Ulikuwa moyo wa binti yangu, Tiril.

Tiril alifariki miaka sita iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwenye kitanda hicho hicho.

Mngenitarajia nipige kelele. Nimwite mtu. Nikimbie. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilisogeza kiti karibu na skrini, karibu kabisa, mpaka mwanga wa kijani ukanipiga usoni. Nikamtazama mwanangu akipiga. Sijui niliseme vipi jambo hili ili mtu anielewe. Picha zake ninazo. Sauti yake ninayo kwenye simu. Lakini ule mstari ulikuwa yeye mwenyewe, sasa hivi, pigo kwa pigo.

Halafu nikaona kidirisha cha nne.

Kitanda cha nne alikuwa Hilbert, mzee wa kahawa. Alikuwa fundi umeme wa manispaa kabla ya kustaafu, mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi ananiuliza, "Solfrid, umeuonaje moyo wangu leo?" Namjibu, "Bado unasuasua, mzee." Naye anasema, "Ndivyo ulivyokuwa hata siku ya harusi, muulize Oddny." Oddny ni mkewe. Alikuwa anakuja kila alasiri na chupa ya supu ya samaki, kwa sababu hakuamini chakula cha hospitali.

Mapigo ya Hilbert yalikuwa yanashuka. Sabini. Sitini na moja. Hamsini na mbili. Kengele ya mashine ilipaswa kulia yenyewe. Haikulia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Na kadiri mstari wa Hilbert ulivyofifia, mstari wa Tiril ulipata nguvu. Ukawa mrefu, ukawa safi, ukapiga kama ulivyopiga alipokuwa na miaka saba akitoka mbio shuleni.

Nilijua. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu baadaye watu wenye nia njema walijaribu kunizuia nisiliseme. Nilijua kinachotokea. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Saa iliyo chini ya skrini inahesabu sekunde, na mimi nilikuwa naziona zikienda.

Sekunde arobaini.

Kisha nikabonyeza.

Walikimbia. Walifanya kila kinachofanywa. Nilisikia ubavu wa mzee ukilia chini ya mikono ya Kjell-Ivar. Saa tisa na dakika kumi daktari akasema basi.

Dakika tatu baadaye kidirisha cha kumi na moja kikazimika, taratibu, kama mtu aliyeshiba akasogeza sahani.

"Ulimwona lini anaanza kushuka?" aliniuliza Kjell-Ivar. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Muda ule ule," nikasema. "Muda ule ule niliobonyeza."

Oddny alitoka kwenye lifti na chupa yake ya supu. Niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta waya.

*

Kisanduku namba kumi na moja kilikuwa kwenye droo. Nilikitoa. Hakikuwa na betri ndani.

Kesho yake nilipaswa kupumzika. Nikaenda kazini. Nikamwambia msimamizi kwamba nitashika zamu za yeyote anayetaka kuandaa Krismasi nyumbani kwake. Wenzangu walinishukuru. Mmoja alinikumbatia. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nakaa pale kama mtu anayesubiri mgeni kituoni, na kwamba kila nilipotazama ile mistari mingine ya kijani nilijiuliza jambo ambalo sitaliandika hapa.

Hakuja siku ile. Nililia kwenye gari.

Tarehe kumi na moja wakamleta Bibi Lovise.

Inabidi nieleze kidogo. Kwetu kuna watu tunaowaita wasomaji. Wanasoma maneno juu ya mgonjwa, maneno waliyorithi kwa siri, mengi yana jina la Mungu ndani yake, na damu inasimama, maumivu yanatulia. Hawajitangazi. Hospitalini hatuwazungumzii. Lakini akija mtu anayevuja damu inayokataa kukatika, utamwona nesi mmoja mzee akitoka nje kidogo na simu yake. Bibi Lovise alikuwa msomaji mkubwa kuliko wote upande wetu wa fiodi, ule mkono mrefu wa bahari unaoingia kati ya milima.

Nilimwendea Bibi huyo wakati Tiril alipokuwa katika siku zake za mwisho. Moyo wa kupandikizwa tuliokuwa tunausubiri kutoka kusini haukuwa umepatikana, na mtoto alikuwa anaisha. Alikuwa hana nguvu hata ya kumenya chungwa, nikawa nammenyea mimi, yeye ananusa tu. Kila usiku aliniambia, "Mama, nimechoka. Niache nilale." Nami nikamjibu, "Hulali. Unasubiri. Umesikia? Unasubiri."

Bibi Lovise alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilipiga magoti jikoni kwake, juu ya mkeka, nikamshika miguu. Akaniangalia muda mrefu. Akavaa koti. Alikuja wodini, akamsomea Tiril sikioni, akafunga fundo kwenye uzi wa sufu, akaondoka nao. Tiril aliishi siku tatu zaidi. Nikadhani ile dawa ilikuwa ya siku tatu tu.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisini na moja, mapafu yamejaa maji, kitanda namba mbili. Nilikwenda kumbandika vile vibandiko vya kifuani. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kuokea. Akanishika kifundo cha mkono.

"Amekuja," alinong'ona.

"Nani, Bibi? Tulia nikubandike."

"Usinifanye mtoto mdogo. Nanusa machungwa tangu waliponiingiza mlangoni."

Nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikaufunga mlango.

"Ulimfanya nini mwanangu?"

"Ulichoniomba." Alikuwa anavuta pumzi kati ya maneno. "Hukusema apone. Ungesema apone ningekuambia siwezi. Ulisema asiondoke. Nikamfunga asiondoke."

"Lakini alikufa, Bibi. Nilimzika."

"Ulizika ulichokiona." Akajigusa kifuani, juu ya kile kisanduku. "Miaka sita nimemlisha kwa huu wangu. Kidogo kidogo. Sasa wangu umekwisha, binti. Na mwenye njaa hakai mlango mmoja."

Nikamwinamia.

"Mfungue basi! Leo hii!"

"Sikuomba mimi. Anayefungua ni aliyeomba." Akafumba macho. Nikadhani amelala, lakini akaendelea, sauti yake imekuwa ndogo kama ya mdudu kwenye kioo. "Na si kwa mdomo tu. Ukimwambia nenda, huku ndani unasema kaa... atasikia lile la ndani. Watoto ndivyo walivyo."

*

Maylinn aliletwa asubuhi iliyofuata. Ana miaka ishirini na sita, mwalimu wa chekechea, mtoto wake wa kwanza alikuwa na wiki tatu. Uzazi ulikuwa umemharibia moyo. Mumewe alikuwa anazunguka koridoni na mtoto kifuani, amevaa soksi zisizofanana, anamwimbia kitu kisicho na maneno.

"Wewe ndiye utakayekuwa unanitazama?" Maylinn aliniuliza nilipokuwa nabandika.

"Mimi."

"Hata nikilala?"

"Hasa ukilala."

"Basi nitalala," akasema. "Wiki tatu sijalala kama mtu." Akatabasamu, akageuka ukutani, akalala pale pale kama mtoto.

Nikarudi kwenye kiti changu. Kitanda namba sita, mstari wake ulikuwa wa wasiwasi lakini unakwenda. Kitanda namba mbili, wa Bibi Lovise, ulikuwa unapungua. Kwenye faili lake yeye mwenyewe alikuwa ameandikisha kwamba asishtuliwe moyo, aachwe. Saa sita mchana mstari wake ukanyooka. Haukupigana. Nikaandika saa kwenye daftari, kisha nikageukia kidirisha cha kumi na moja, kwa sababu nilijua nani sasa hana wa kumlisha.

Mwanga wa buluu ukaja dirishani, ukakaa kidogo, ukaanza kuondoka.

Saa tisa kasorobo.

Maganda ya machungwa.

Kidirisha cha kumi na moja kikawaka. Safari hii hakikuanza polepole. Kilipasuka kwa mwanga, mapigo yamebanana, makali, yenye pupa. Na palepale kidirisha cha sita kikaanza kushuka. Themanini. Sitini na nne. Arobaini na tano.

Nilibonyeza kitufe. Sikungoja hata sekunde moja. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana ni hilo tu nililo nalo.

"Kitanda sita!" nikapiga kelele. "Kjell-Ivar! Kitanda sita!"

Wakapita mbele ya mlango wangu wakikimbia, viatu vyao vikilia kwenye sakafu. Nikasikia mashine ya kushtua moyo ikisukumwa. Nikasikia daktari akihesabu.

"Haushiki!" Ilikuwa sauti ya Kjell-Ivar. "Dawa imeingia lakini haushiki!"

Thelathini na nane. Thelathini na tatu.

Halafu, katikati ya kelele zile zote, nikasikia kitu kingine. Karibu.

Miguu mitupu juu ya sakafu.

Ilikuwa inaburuta, hatua moja, kupumzika, hatua moja. Hivyo ndivyo Tiril alivyokuwa akitembea wiki ile ya mwisho, ameshika ukuta. Ilitoka ng'ambo ya korido. Ikavuka. Ikafika mlangoni kwangu.

Ikasimama nyuma ya kiti.

Shingo yangu ikapata baridi, kama mtu amefungua friji nyuma yangu. Kwenye skrini iliyokuwa mbele yangu niliuona uso wangu kwenye kioo, na nyuma ya uso wangu, juu kidogo, palikuwa na weupe... Sikuangalia zaidi. Nilishusha macho mezani.

"Mama."

Si sauti kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Nenda, Tiril. Nakuomba."

Mstari wa kumi na moja ukaruka juu zaidi. Ukafurahi. Nasema ukafurahi kwa sababu sina neno jingine. Alikuwa amesikia lile la ndani, na la ndani lilikuwa linasema: kaa, kaa, kaa, hata ikiwaje kaa.

Thelathini. Ishirini na saba.

Koridoni yule mtoto wa wiki tatu akaanza kulia. Alilia kile kilio cha njaa ambacho kila mama anakijua, kile kinachoufanya mwili wa mama uamke hata ukiwa umekufa kwa uchovu. Na nyuma ya ukuta mama yake hakuamka.

"Mama," ikasema ile sauti, karibu na sikio langu. "Nimechoka."

Niliposikia hivyo, nikavunjika.

Kwa maana ndilo neno alilokuwa akiniambia alipokuwa hai, na nililikataa kila usiku. Nilikuwa nimemsimamisha mtoto wangu mlangoni kwa miaka sita. Haingii, haondoki. Ana njaa, na amechoka. Si kwa sababu ya uchawi wa Bibi Lovise. Kwa sababu ya magoti yangu.

Nikainuka. Sikugeuka kumtazama. Nikavuka korido mikono imening'inia, nikaingia chumba cha kumi na moja, nikalifunua lile shuka upande mmoja, pembe ya juu, kama nilivyokuwa namfunulia alipokuwa mdogo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Godoro likabonyea kando yangu.

Mkono ukaja juu ya wangu. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa mdogo kuliko nilivyokumbuka. Niliuangalia mkono wangu mwenyewe na juu yake hapakuwa na kitu, lakini ngozi yangu ilikuwa imelala chini ya uzito wa vidole.

"Lala, Tiril," nikasema. "Usinisubiri tena. Nitakuwa sawa."

Ng'ambo daktari alikuwa bado anahesabu.

"Hutakuwa sawa, mama."

Hata alipokuwa hai hakuna uongo niliowahi kumwambia akaumeza.

"Hapana," nikamjibu. "Sitakuwa sawa. Wewe lala tu hivyo hivyo."

Na safari hii mdomo na ndani vilisema kitu kimoja. Iliniuma kama kuzaa. Nilihisi vidole vikilegea, kimoja baada ya kingine. Nilihisi pumzi ndefu, ndefu mno, ikipita shavuni kwangu, ina harufu ya machungwa. Halafu godoro likainuka.

Shuka lilibaki na bonde dogo, kama la mtu aliyelala kiubavu.

"Umerudi!" Kjell-Ivar alikuwa anapiga kelele upande wa pili. "Umerudi, umeshika! Mungu wangu, tazama, sitini, sitini na tano!"

Na mtoto alikuwa bado analia, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na sikuweza kuisikiliza. Niliziba masikio kwa mto wa kitanda namba kumi na moja.

Kjell-Ivar alinikuta hivyo.

*

Maylinn yuko hai. Aliondoka wiki ile ile kwenda hospitali kubwa ya kusini, akiwa amekaa kwenye machela anamnyonyesha mwanawe. Sikwenda kumuaga.

Nilimweleza msimamizi kila kitu. Sikuacha hata ile saa ya sekunde. Alinisikiliza, amekunja mikono, kisha akamwita fundi, wakafungua kumbukumbu za mashine mbele yangu. Kidirisha cha kumi na moja: hakuna kilichorekodiwa, si tarehe tisa wala tarehe kumi na mbili. Kidirisha cha nne: Hilbert alikuwa na mapigo sabini na moja, na sekunde iliyofuata hakuwa nayo. Hakushuka. Alisimama ghafla. Na kitufe nilikibonyeza sekunde mbili baadaye.

"Umeona?" msimamizi aliniambia kwa upole. "Sekunde mbili, Solfrid. Hakuna binadamu anayeweza kuwa mwepesi zaidi. Nenda nyumbani ukapumzike. Tulikosea kukupa zamu zote zile."

"Niliona arobaini."

"Mashine haisemi arobaini."

Kila mtu ananiambia hivyo. Labda ni kweli. Lakini mimi nilikuwa pale, kidole juu ya kitufe, na najua muda una urefu gani unapokuwa unaiba.

Kwa hiyo tarehe kumi na tano, badala ya kupumzika, niliendesha gari hadi kwa Oddny, mjane wa Hilbert. Ilikuwa adhuhuri, mwanga wa buluu umetanda juu ya theluji. Nyumba yake ni ya mbao, ya njano, mwishoni mwa barabara. Dirishani alikuwa amewasha mishumaa ya Desemba. Kwenye kigingi cha mlangoni koti la Hilbert lilikuwa bado linaning'inia.

Alinikaribisha jikoni. Akanimiminia kahawa, akaniwekea mkate wa siagi, kama inavyompasa mwenye nyumba. Nikamwambia Mama Oddny kila kitu. Ndivyo nilivyokuwa namwita. Nikamwambia kuhusu Tiril, Bibi Lovise, ule uzi. Nikamwambia zile sekunde arobaini.

"Nilimwacha, Mama Oddny. Ningeweza kubonyeza. Nilikuwa namtazama mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kutukanwa, kushtakiwa. Nadhani ndicho nilichokifuata.

Oddny akawa anazungusha kikombe juu ya kitambaa cha meza. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nje gari la kuondoa theluji likapita, taa yake ya njano ikazunguka kwenye kuta, ikaondoka.

"Ulimwona?" akauliza hatimaye.

"Nani?"

"Mwanao. Zile sekunde. Ulimwona kweli? Ulimjua kuwa ni yeye?"

"Nilimjua."

"Bila shaka yoyote."

"Bila shaka yoyote, Mama Oddny. Ndiyo maana nimekuja ku..."

"Na akasema na wewe."

Kuna kitu kilikuwa kimebadilika usoni kwake. Hasira sikuiona. Ingekuwa hasira ningelala usingizi usiku ule.

"Miaka hamsini na moja," akasema. "Nilikwenda kupasha supu. Nikasema akisubiri kidogo haitadhuru. Supu, Solfrid." Akanishika mkono juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Huyo Lovise. Alimfundisha mtu?"

"Amekufa, Mama Oddny. Alikufa ile Alhamisi."

"Najua amekufa. Nimekuuliza kama alimfundisha mtu."

Alimfundisha. Mjukuu wake, anayekaa ng'ambo ya fiodi, nusu saa kwa kivuko. Watu wengi wanajua. Lakini nilimtazama Oddny machoni, nikamwambia, "Sijui."

Akaniangalia kama nilivyokuwa namwangalia Bibi Lovise jikoni kwake, mara ile ya kwanza alipokataa, na mara ya pili.

"Mwanangu alifungwa akiwa angali na pumzi," nikasema haraka. "Hata kama yuko mtu, haiwezekani tena. Hilbert ameshaondoka. Mama Oddny, sikiliza. Huyo anayerudi ana njaa. Unanielewa? Ana njaa!"

"Kula mkate wako," akaniambia kwa upole.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni. Alikuwa ameshika simu. Akalinyoosha lile koti la Hilbert kwenye kigingi, akalipangusa begani kana kwamba mwenyewe yumo ndani.

"Bado hatujamzika," akasema. "Kanisani wamenipa Ijumaa."